Picha za Mombasa zikusanywe wapiga picha wakiwa hai

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu picha za mji wetu, hasa zilizopigwa na sisi wapiga picha wa barabarani. Nimepiga picha chini ya Pembe za Ndovu, yale matao ya Barabara ya Moi, tangu wazee wangali wakiita barabara ile Kilindini, nimepiga picha katika uwanja wa Makadara siku za Idi, na nimepiga picha ufukweni Mama Ngina watu wakila mihogo na kutazama meli zikiingia bandarini. Siku zote nilikuwa na kamera shingoni na kitabu mfukoni, kwa kuwa kazi hii nusu yake ni kungoja. Na kwa kweli ni vitabu vilivyonifanya niandike barua hii.

Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, kazi yake yashabihiana na yetu kuliko watu wanavyodhani. Husemwa kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Alitunga juu ya mapenzi, ugomvi, ukata, na vita vya Mazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Lakini hakuacha diwani. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kumpa Mwingereza William Taylor, miongo kadhaa baada ya mtungaji kuzikwa. Tena Mwalimu Sikujua hakutoa beti peke yake. Alieleza shairi hili lamjibu nani na lile lilizushwa na kisa gani. Ondoa maelezo yale, na mengi yatabaki mafumbo ambayo hata sisi wa Mombasa tungeyapita kando. Karatasi hizo ziko London hadi leo, na diwani yenyewe ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja tangu Muyaka afariki.

Picha zetu bado hazijapata Sikujua wao.

Chukua vijana waliojenga vibanda vya mbao karibu na feri ya Likoni. Wengi walikuja kutoka bara kutafuta riziki. Ukutani walichora ndege, meli, maghorofa ya ng'ambo, na mteja husimama mbele yake kama anayesafiri kesho. Koti na tai ni mali ya mpiga picha, na koti moja lilivaliwa na mabega ya kila namna, hivyo kwa nyuma lilibanwa na vibanio vya nguo ili kwa mbele lionekane limeshonewa mwenyewe. Picha ikatiwa kwenye bahasha, ikapelekwa nyumbani Kitui au Siaya, mama akajua mwanawe Mombasa hajalala njaa. Kama kweli alikuwa amelala njaa, hilo koti halikusema. Mimi naiona ile kuwa hadithi fupi, na bora kuliko nyingi nilizosoma. Ghasia zilipozuka Likoni mwaka 1997, watu wa bara kwa maelfu walihama, na wapiga picha wakiwamo.

Aliyewaandika vijana wale ni Mjerumani, Heike Behrend, katika jarida la African Arts mwaka 2000. Namshukuru. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ila sisi tumecheza kwetu tukatunzwa ugenini. Hata studio ya Parekh, iliyovuma hapa miaka ya 1950 na 1960 na ambayo mabibi wengi wa Mombasa waliwahi kuketi mbele ya taa zake, nilikuja kusoma habari zake kwa kalamu za wasomi wa nje.

Wasiwasi wangu ni wa haraka zaidi. Negativu, ile filamu inayotolewa picha, haivumilii hewa ya hapa. Chumvi, joto na unyevu vikikutana ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, filamu huanza kunuka siki, kisha hujikunja, kisha hugandana. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimekuwa nyekundu, bwana harusi na mbuzi wa karamu wote rangi moja. Studio moja mjini ilipofungwa, niliyakuta maboksi ya negativu kichochoroni pamoja na mapazia mabovu, yakingoja mkokoteni wa taka. Nikachukua niliyoweza kubeba. Nyuso ninazo, lakini majina sina, kwa sababu mwenye studio alikwisha kufa na daftari lake silioni. Abdilatif Abdalla, mtoto wa mji huu, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972 juu ya karatasi za chooni, tena kwa kificho, na hadi leo twayasoma. Sisi tulikuwa na filamu za Kodak na uhuru wetu.

Vijana wa siku hizi huniambia, mzee, skani tu uweke kwenye simu. Sikatai skana. Ila picha iliyoskaniwa bila maelezo ni mtu asiyejulikana aliyehamishwa kutoka sanduku moja hadi jingine. Nina picha ya Makadara ya mtoto wa kike aliyevaa gauni la Idi na miwani ya plastiki, amenuna, mkono mmoja umeshika kiatu. Anayeitazama huipenda kwa huko kununa. Mimi ndiye ninayejua kwamba kiatu cha pili kilikuwa kimeangukia chini ya pembea na baba yake alikuwa ametambaa kukitafuta, na ukichungulia pembeni, kushoto, utaona kanzu yake. Nikiondoka mimi, kanzu ile itakuwa doa jeupe.

Basi naomba hivi. Makumbusho ya Taifa yana Fort Jesus, na yana jumba la Mahakama ya Zamani, lililojengwa mwaka 1902, ambalo tayari hutumika kwa maonyesho. Watenge chumba kimoja kikavu, chenye baridi, na watu wawili: mmoja wa kusafisha na kuskani, mwingine wa kukaa na mpiga picha mzee na kuandika anayoyasema. Huyo wa pili ndiye ghali, na ndiye wa kumtafuta kwanza. Awe anajua Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, maana mzee wa Kibokoni akiulizwa kwa lugha ya ofisini atajibu ndiyo na hapana. Negativu zitiwe kwenye bahasha za karatasi badala ya plastiki, na nyuma ya picha paandikwe kwa penseli, kwani wino hupenya.

Kuna jambo la stara pia, na hapa sitaki mchezo. Wanawake wengi wa Mji wa Kale walipigwa picha kwa ajili ya macho ya nyumbani, vichwa wazi, wamejipamba kwa harusi. Picha hizo haziwezi kubandikwa ukutani au kurushwa mitandaoni kwa kuwa tu zina miaka hamsini. Familia ziulizwe kwanza, na zinazokataa zirudishiwe picha zao bila maswali. Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba historia haina aibu. Picha ile si ya bibi yake.

Wewe Mhariri nakuomba utoe nafasi ndogo kila wiki kwa picha moja ya zamani ya barabarani, na wasomaji watuletee jina, mtaa, na kisa. Ukurasa wa mashairi umefanya hivyo miaka yote: mtu wa Lamu hutunga, wa Mombasa akajibu, na mambo ya mji yakahifadhika humo humo.

Nami nimeanza na maboksi yangu. Ya Makadara karibu nimeyamaliza, sasa niko kwenye ya Mama Ngina. Kwenye yale ya kichochoroni ndiko nakwama, na nahitaji watu waliokuwa wakipiga picha za harusi na pasipoti mjini miaka ya 1970 waje wazitambue nyuso. Nipo barazani kila siku baada ya Alasiri, ila Ijumaa. Waje na miwani yao.

Mpiga picha wa barabarani,
Kibokoni, Mombasa