Usiandike "arobaini" peke yake

Sinza, Dar es Salaam, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Watu 14, usiku mmoja wa baa, bethidei yako ya miaka 40, na unataka kujua uanzie wapi. Najua umeshaangalia magauni na picha za keki. Viache kwanza. Usiku wa namna hii hupangwa kinyumenyume: unaanza na saa ya kurudi nyumbani, ndipo unashuka mpaka kwenye keki.

Chukua karatasi, andika kila mmoja analala wapi. Usiandike anafanya kazi wapi, andika analala wapi. Mtu wa Mbagala na mtu wa Bunju wamekaa kwenye ncha mbili za jiji, na ukiwaweka kwenye gari moja saa 7 usiku, mmoja wao atafika alfajiri akiwa amekununia. Ndiyo maana haisi moja ya watu wote inaonekana rahisi kwenye hesabu lakini inachosha barabarani. Bora Noah mbili zenye abiria sita sita: moja inaelekea Mwenge, Tegeta hadi Bunju, nyingine inashika upande wa Tabata, Gongo la Mboto na Mbagala. Wawili wanaobaki wawe wale wanaoishi jirani na baa. Kwa hiyo baa yenyewe iwe katikati, Sinza, Kijitonyama au Kinondoni, na si ufukweni huko mbali kwa sababu tu picha zinatoka vizuri.

Na dereva mkubaliane mambo matatu kabla: saa ya kuondoka, vituo vya kushushia kwa majina, na mafuta ni juu ya nani. Mpe nusu ya pesa mwanzo, nusu kituo cha mwisho. Ukimlipa yote mapema, kuna hatari akaenda kupiga tripu nyingine na ukamkuta hapatikani. Usipompa kitu kabisa, usiku wa manane atakupandishia bei na huna pa kukimbilia. Programu za kuita gari zipo, lakini Jumamosi baada ya saa 6 bei hupanda, na dereva akiona safari ni Bunju anaweza kuifuta mkiwa mmesimama barabarani na viatu mkononi. Bodaboda kwa mtu aliyekunywa, hapana. Hapo sitaki mjadala.

Tarehe sasa. Bethidei yako inaangukia Jumatano, kwa hiyo sherehe iwe Jumamosi inayofuata. Kabla hujatangaza, angalia ratiba ya ligi. Ikiwa siku hiyo Simba na Yanga wanakutana, sogeza wiki. Baa itajaa mpaka mlangoni, runinga itapigwa sauti kubwa, na nusu ya wageni wako watakuwa na msiba wao binafsi. Angalia pia mshahara umetoka lini. Jumamosi ya tarehe 18 watu wanakuja na mikono mitupu na aibu.

Kisha ujumbe wa mwaliko. Humu ndimo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa sababu kwetu hakuna kanuni moja ya nani analipa. Wapo wanaoamini mwenye bethidei ndiye mwenye shughuli, anabeba kila kitu. Wapo wanaoamini mwenye bethidei ndiye anayenunuliwa na marafiki. Wote hao wakikaa meza moja bila kuambiwa, bili ikifika kila mtu anakwenda msalani. Andika waziwazi, kitu kama hiki:

"Jumatano natimiza miaka 40, niko hai na nina njaa. Tunakutana Jumamosi saa 12 jioni kamili. Nyama na keki juu yangu. Vinywaji na usafiri wa kurudi tunachanga 30,000 kila mtu, mwisho Jumatano saa 2 usiku. Ukija na mtu niambie jina lake, naye achangie. Asiyechanga mpaka Jumatano nitajua ana udhuru, hatuna ugomvi."

Uone nimeandika "natimiza miaka 40". Usithubutu kuandika "arobaini yangu" peke yake. Mtu akiisoma haraka kwenye daladala atadhani kuna msiba, na shangazi fulani atafika na kanga begani na sahani ya rambirambi.

Pesa ipokelewe na mtu mmoja, na asiwe wewe. Wewe utaona haya kudai. Mweka hazina aweke orodha kwenye grupu kila jioni, jina na kiasi, bila maneno mengi. Aseme pia mapema kwamba makato ya kutolea ni ya mtumaji, la sivyo kila 30,000 itakufikia ikiwa imepungua na tofauti utaijaza wewe.

Hesabu yenyewe iende hivi, kwa mfano tu, bei uziulize baa mtakayoichagua. Watu 13, ukijitoa wewe, mara 30,000 ni 390,000. Toa usafiri kwanza, tuseme 150,000, inabaki 240,000. Toa 40,000 ya akiba: glasi iliyovunjika, mhudumu, mgeni aliyepoteza nauli. Inabaki 200,000 ya vinywaji. Ukichanganya bia, soda na maji, tuseme wastani ni 2,500 kila kimoja, unapata vinywaji 80, yaani vitano na kidogo kwa kila mtu. Inatosha. Atakayetaka zaidi anunue mwenyewe, na hilo lisemwe mezani mapema, watu wakiwa bado hawajalewa.

Konyagi iheshimu. Ni pombe kali ya asilimia 35. Mililita 250 zake zina kileo cha zaidi ya bia tatu kubwa za Safari, na hushuka haraka kwa sababu watu huichanganya na soda, utamu unaficha ukali. Ikiletwa kabla ya nyama, kufikia saa 4 utakuwa na wagonjwa wawili na mmoja anayelia juu ya mume aliyeachana naye zamani. Iletwe baada ya kula, na maji makubwa yawe mezani tangu mwanzo, chupa moja kwa kila watu wawili.

Kuagiza kufanywe na mtu mmoja. Mwambie mhudumu kwa jina lake: "Dada, chochote kisichoagizwa na huyu hapa, si cha meza hii." Bila hivyo wazamiaji wanatokea. Mtu anapita kukupongeza, anakaa dakika mbili, kabla hujajua anatoka wapi ameshafunguliwa bia mbili kwenye bili yako. Chupa tupu zisiondolewe mezani. Zikusanywe chini ya meza mwishoni mwa raundi, au mtunze vizibo kwenye sahani, ili saa ya kulipa mhesabu kwa macho. Lipeni kila raundi, au kila saa moja, msingoje bili ndefu ya usiku mzima. Wahudumu hubadilishana zamu, na bili inayopita mikono miwili ndiyo inayoota bia za ziada. Tena baa nyingi hasara humkata mhudumu, kwa hiyo mkiondoka na deni mnamwachia binti wa watu. Mweka hazina abebe pia taslimu kiasi, maana mtandao una tabia ya kulala pale mnapotaka kulipa kwa lipa namba.

Nyama. Hapa nitakaa kidogo.

Nyama ya mbuzi ikichomwa inapoteza maji na mafuta, na mifupa nayo ina uzito wake. Kilo mbichi unayoipima si kilo unayokula. Pale nyama ndiyo mlo wenyewe, piga nusu kilo mbichi kwa kila mtu. Kwa watu 14 ni kilo 7. Gawanya: kilo 5 mbuzi, na kuku wawili. Kuku wa kienyeji lazima achemshwe kwanza, kwa hiyo uliza mapema, usije ukaambiwa saa 3 usiku kwamba "bado hajaiva." Ongeza ndizi za kuchoma, tatu kwa kila mtu, na chipsi sahani chache. Kachumbari sahani kubwa mbili, na pilipili iwe pembeni. Anayetaka moto ajiwashie mwenyewe.

Piga simu siku moja kabla, peleka malipo ya awali. Siku yenyewe mtu wako afike saa 10 na nusu jioni, asimame kwenye mzani wakati nyama inapimwa, na aone inavyokatwa. Mwambie mchomaji mapande makubwa, chumvi na ndimu tu, vipande vidogo vikatwe mezani. Kipande kidogo jikoni kinakauka na, tuseme ukweli, hutembea. Mguu wa mbuzi unataka saa moja na zaidi kwenye makaa yaliyotulia. Ukimharakisha mchomaji atasogeza kwenye mwali, utaletewa nyama nyeusi nje, damu mfupani.

Usikubali yote iletwe kwa pamoja. Mafuta ya mbuzi yakipoa yanaganda, yanashika kwenye kaakaa, na hakuna anayerudia. Nusu ije saa 1 na nusu, nusu nyingine saa 3.

Na kitimoto, yaani nguruwe. Najua kuna wanaokipenda, na najua kwenye orodha yako kuna Waislamu watano. Kinachoharibu ni jiko moja, kisu kimoja na sahani zinazopishana. Ama kiachwe usiku huo, ama kiagizwe kwenye jiko la pembeni, kiliwe meza ya pembeni, kwa kisu chake. Mimi kwa usiku mmoja ningekiacha. Na mbuzi hakikisha amechinjwa kihalali, uulize kabla, usiulize mbele ya sahani.

Muziki: umri wetu huu, bendi inafaa kuliko diskotheki ya watoto. Msondo Ngoma ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, Sikinde ni ya mwaka 1978, kwa hiyo wewe bado ni mdogo wao wote wawili. Ratiba zao hubadilika, piga simu wiki hiyohiyo uulize wanapiga wapi Jumamosi. Nyimbo za dansi ni ndefu: huanza taratibu na mashairi, kisha sebene inachemka na watu wote wanasimama. Ukitaka jina lako litajwe, litatajwa kwenye sebene, lakini karatasi ipelekwe kwa rapa kabla bendi haijapanda jukwaani. Andika jina moja, herufi kubwa, na neno "miaka 40". Karatasi yenye majina nane itasomwa nusu. Za kumtunza mwimbaji vunja mapema, noti za 1,000 na 2,000, kwa sababu saa 5 usiku hakuna mwenye chenji. Meza msiikae mbele ya spika. Mtu wa kwanza kupata kichwa kuuma ndiye wa kwanza kutaka kuondoka.

Keki. Kilo 2 zinatosha watu 14 na majirani wa meza ya pili. Joto letu si rafiki wa krimu ya siagi, inalegea na maua yanateleza. Mwambie mpishi sherehe ni nje na usiku, akupe inayovumilia. Kwenye gari iwekwe sakafuni, palipo tambarare, si kitini wala mapajani, kwa kuwa kiti kimeinama kwa nyuma. Bajaji usijaribu. Kabla ya siku hiyo pima boksi, ukaulize kama linaingia kwenye friji ya baa. Mara nyingi haliingii, na likiingia linakaa karibu na samaki. Kama hakuna nafasi, keki ifike saa 2 na ikatwe saa 2 na nusu, kati ya nyama ya kwanza na ya pili, kabla bendi haijachanganya. Ukingoja saa 6 utawalisha watu wasioikumbuka. Beba kisu chako, viberiti viwili, mishumaa ya 4 na 0, na mwombe mhudumu azime pangaboi lililo juu ya meza.

Picha za kupendeza zipigwe mkifika, jua la Dar likiwa bado halijazama. Baada ya hapo taa za baa zitawafanya nyote muwe wekundu.

La mwisho ni maji. Kuna mtu, na tunamjua sote, atakuja na ndoo. Kumwagiwa maji siku ya kuzaliwa ni desturi na sikuombi uikatae, ila ifanyike nje, mbali na nyaya za spika, simu zikiwa zimeshakusanywa, na iwe dakika za mwisho kabla ya kuingia kwenye gari. Maji matupu. Unga na mayai yakigusa wigi ndio mwisho wake, na dereva hatakubali kukupakia. Beba khanga mbili na nguo ya kubadilisha, viwekwe kwenye Noah ya upande wako tangu jioni.

Nitumie orodha ya majina na wanapolala kabla ya Jumanne, nikupangie nani apande gari lipi. Na uniambie mweka hazina ni nani. Kama ni yule wa benki, sawa. Kama ni mdogo wako, tutafute mwingine.

Ni mimi shoga yako,
wa Sinza