Risala ya Vijana Wenye Wazazi Gerezani kwa Mgeni Rasmi, Komini ya Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa komini yetu ya Katuba,
Waheshimiwa wakuu wa kata na wakuu wa avenyu,
Mawakili mliokuja bila kudai hata nauli,
Mama zetu, yaya zetu (ndugu zetu wakubwa) na wadogo zetu,

Jambo yenu wote.

Mheshimiwa, tulipokuandikia barua tulidhani utamtuma msaidizi wako. Umekuja mwenyewe, tena kwa saa ile ile iliyoandikwa, jambo lililowakuta mama zetu bado wanasonga bukari, ule ugali wetu. Utatuvumilia moshi. Karibu sana.

Mimi ni katibu wa kikundi. Mwenyekiti wetu, ambaye ni yaya wangu wa tumbo moja, aliniomba nisimtaje katika risala hii. Nitamtaja.

Kikundi chetu ni cha vijana wa komini tatu za mji huu wa Lubumbashi, Katuba, Kenya na Kamalondo, ambao baba zao wako gerezani au wamepita huko. Kuna wachomeleaji vyuma, waashi, wasukuma mikokoteni wa soko la Kenya, wauza makala, yaani makaa, na waosha magari. Wengi tumekuja ndugu wawili wawili, watatu watatu, na ndiyo maana leo nitasema zaidi habari za ndugu kuliko habari za magereza.

Kabla ya yote, hatukukuita hapa tukuambie kwamba baba zetu ni malaika. Wengine wameiba. Mmoja alimpiga jirani mpaka akamvunja mkono, na mwanawe ameketi hapa, analijua hilo kuliko mtu yeyote. Wengine hawakufanya lolote. Wengine bado hatujui, wala mahakama bado haijui, kwa kuwa kesi haijasikilizwa. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema mtu hawezi kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa kosa la mtu mwingine. Ni maneno mazuri. Ila nyumbani kwetu kifungo cha baba humwangukia mwana wa kwanza siku hiyo hiyo, na hakuna hakimu anayehesabu miezi yake.

Niruhusu nieleze kwa mfano wa nyumba yetu, kwa maana ndiyo ninayoijua, na nyingi za hapa zinafanana nayo. Babu yetu aliingia Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, akiwa kijana, akapewa nyumba kambini na posho ya unga na samaki mkavu. Baba akafuata nyayo Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake. Mwaka 2003 akawa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka kwa ule mpango wa depa volonteri, wa kuacha kazi kwa hiari. Hela aliyopata ikaingia kwenye kiwanja na kwenye biashara ndogo ya unga. Ilipokwisha, akawa sentinele kwenye depo moja hapa mjini, na rungu lake na tochi yake. Usiku mmoja nyaya za shaba zikatoweka ndani ya ua. Asubuhi walinzi wote wa zamu wakapandishwa kwenye gari.

Yaya wangu alikuwa mwaka wa tano wa umeme katika shule ya ufundi. Mimi nilikuwa nyuma yake madarasa mawili, na mdogo wetu alikuwa shule ya msingi. Shule ya msingi ni ya bure tangu mwaka 2019, na tunashukuru, bila hilo mdogo wetu naye angekuwa mtaani. Sekondari inalipiwa. Hela ya mama ya kuuza nyanya ingeweza kumsomesha mmoja wetu, wawili haikutosha. Hakuna aliyeitisha kikao. Jumatatu yaya alitoka asubuhi amevaa salopeti ya baba, ikimzidi miguu, akaenda kwa mchomeleaji mmoja kushika vyuma.

Mheshimiwa, mtu akifiwa na baba kuna kilio. Watu wanakuja na viti, wajomba wanakaa, jioni wazee wanaulizana: hawa watoto tutawafanyaje? Mzigo unagawanywa mbele ya watu. Baba akifungwa hakuna kilio. Jirani anapita upande wa pili wa barabara. Mjomba hapigi simu, kwa sababu anajua akipiga ataombwa hela. Kile kikao cha wazee ambacho kingemwambia yaya "wewe shika hiki, sisi tutashika kile" hakifanyiki, na kijana wa miaka kumi na minane anashika vyote.

Tena anashika bila kuheshimiwa. Anatafuta unga kama baba, lakini akisema "rudi nyumbani mapema", wadogo tunamjibu: wewe si baba. Na baba mwenyewe bado anatawala kutoka ndani. Siku ya kutembelewa anatuma neno: baiskeli yangu msiiuze. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba anataka kodi, na kitu pekee chenye bei pale ndani ni baiskeli. Yaya aliiuza. Baba aliposikia alikasirika, akaongeza swali lake jingine: nani alikuruhusu kuacha shule? Yaya akamjibu: na wewe nani alikuruhusu kutuacha? Hawakusemeshana muda mrefu. Chakula kiliendelea kupelekwa, lakini kilipelekwa na mimi.

Maana chakula lazima kipelekwe. Katika magereza ya nchi hii, chakula cha serikali kikipatikana ni vungule, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na mfungwa asiye na ndugu huishi kwa hicho. Mwenye ndugu husubiri sufuria iliyofungwa kwa kitambaa cha kitenge. Kuipeleka kuna gharama zake: taksibasi ya kwenda na kurudi, unga, makala ya kupikia, na matabishi, ile hongo ndogo ya mkononi. Matabishi yanatolewa wapi na kwa nani sitasema, sote tunajua. Gharama kubwa kuliko hizo ni siku yenyewe. Kijana anayelipwa kwa siku akienda kumwona baba amepoteza mshahara wa siku, na bosi akiuliza ulikuwa wapi, anasema alikuwa na malaria. Baadhi yetu tumeugua malaria nyingi sana masikioni mwa mabosi.

Uongo wetu mwingine ni Kolwezi. Mdogo wetu aliulizwa na mwalimu, mbele ya darasa, baba yako anafanya kazi gani. Akasema yuko Kolwezi, kwenye migodi. Tulipoanza kukutana kama kikundi tukagundua kwamba baba wa kila mtu yuko Kolwezi. Kama wangekuwa huko kweli, mji ule ungekosa mahali pa kuwalaza. Tulicheka sana siku ile, na nadhani ndiyo siku kikundi kilipoanza, ingawa kwenye karatasi tumeandika tarehe nyingine.

Wako pia vijana walioacha kabisa kwenda kuwaona baba zao. Wengine wamo humu ndani. Wachungaji na mapadri huwahubiria kuhusu kumheshimu baba na mama, na ni haki yao. Sisi katika kikundi tuliamua kutowauliza. Mtu anayewalisha wadogo zake wanne kwa mkokoteni ameshamheshimu baba yake vya kutosha, hata asipokanyaga mlango ule.

Sasa niseme jinsi tulivyopata akili. Barabara ya Kasapa, Mheshimiwa, inapeleka watu chuo kikuu na inapeleka watu gerezani. Ndani ya taksibasi moja utamkuta mwanafunzi na vitabu vyake, na pembeni mama na sufuria yake. Siku moja yaya, aliyekuwa ameanza tena kwenda, alikaa karibu na mwanafunzi wa sheria. Yule kijana akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: baba yenu ana siku ngapi, na karatasi ya mwisho ya hakimu ni ya tarehe gani? Yaya hakujua kwamba siku zinahesabiwa. Akaelezwa pale pale, taksibasi ikiruka mashimo. Kwa polisi, kasho, yaani mahabusu, lisizidi saa 48, ndivyo katiba inavyosema katika kifungu cha 18. Afisa wa parke, ofisi ya waendesha mashtaka, akimkamata mtu kwa hati yake, ampeleke mbele ya hakimu ndani ya siku 5. Hakimu akikubali azuiliwe, ni siku 15. Baada ya hapo ni mwezi, na mwezi mwingine, na kila mara hakimu anatakiwa aseme sababu. Na kwa kosa zito, ikishaongezwa mara 3 mfululizo, jambo hilo lizungumzwe katika kikao cha wazi, ambapo hata mama wa nyanya anaweza kuingia akaketi. Sheria hiyo ni ya tarehe 6 Agosti 1959, ya zamani kuliko baba zetu, na sisi tuliisikia kwenye taksibasi.

Yaya alirudi na kununua daftari. Hilo daftari ndiyo kazi kubwa ya kikundi hiki, na ndilo lililo mbele yako mezani, lenye jalada la bluu. Kila familia ina ukurasa wake: siku ya kukamatwa, siku ya kufikishwa parke, namba ya faili, tarehe ya kila karatasi ya hakimu, na tarehe ambayo karatasi hiyo inakufa. Tarehe ikikaribia, ndugu wawili wanaenda kwenye ofisi ya mawakili inayotoa mashauri ya bure, na ukurasa wao. Mawakili walioko hapa watakuambia kama nasema uongo: mtu akija na kilio peke yake, wakili anatumia mwezi kutafuta faili, akija na namba na tarehe, anaanza kazi siku hiyo.

Baba yetu kesi yake ilisikilizwa hatimaye. Alihukumiwa. Sitasema kama ilikuwa haki, mimi ni mwanawe. Lakini nyumba ilipumua, kwa sababu sasa kuna hesabu. Tunajua anatoka lini, na tunajua kwamba aliyetumikia robo ya kifungo chake, akiwa amepita miezi 3 ndani, anaweza kuombewa kuachiliwa kwa masharti. Ombi lake limeshaandikwa.

Kazi yetu ya pili ni likelemba. Kila Jumapili tunachanga, na hela inaenda kwa nauli na unga wa familia iliyo kwenye zamu. Pia tunapokezana sufuria: mwenye kazi siku hiyo haendi, anakwenda mwenzake kwa niaba yake, akimpelekea baba wa mwingine bukari na matembele. Mwanzo wazee walishangaa kuletewa chakula na watoto wasiowajua. Sasa wanauliza habari za mitihani yetu.

Na kuhusu mitihani: yaya na wenzake watatu wamejiandikisha kufanya mtihani wa taifa kama watu waliojisomea wenyewe, nje ya shule. Wanachomelea mchana, wanasoma usiku. Wakati mwingine umeme unakatika, wakati mwingine usingizi unawashinda.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tumekuita kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa ofisi yako. Hatukuombi ufungue gereza.

Hati ya umaskini ndiyo inayomwezesha mtu asiye na kitu kufuatilia kesi bila kulipia kila karatasi ya mahakama. Kwa mama anayeuza nyanya, kuipata ni safari nyingi, na kila safari inaongezewa hela ambayo haijaandikwa popote. Tunaomba itolewe kwa siku moja ya wiki inayojulikana, bure, na mkuu wa avenyu awe shahidi, kwa kuwa yeye anaijua njaa ya kila nyumba.

Wanaotoka gerezani wengi hawana kadi ya mpiga kura. Ilipotea siku ya kukamatwa, na kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho. Bila kitambulisho baba anakamatwa tena jioni kwa kukosa karatasi, au anakaa ndani ya nyumba akiogopa kutoka, na yaya anaendelea kuwa baba wa wazee. Hati ya kupoteza vitambulisho inatolewa na komini. Tunaomba waliotoka wapewe kwanza, bila kuulizwa mbele ya foleni nzima walikuwa wapi.

Tunaomba pia uwaite wakuu wa shule za komini, uwaambie mambo mawili: wamsubiri kidogo mtoto wa mfungwa kwa ada kabla ya kumfukuza, na walimu waache kuuliza kazi ya baba mbele ya darasa. Hili la pili halina gharama hata ya franka moja.

Na ukumbi wa komini, ambao jioni unafungwa na taa zake zote ndani, ufunguliwe kwa muda wa saa mbili kila siku kwa wanaojiandaa na mtihani. Tutaufagia wenyewe. Funguo atashika mwenyekiti. Ni mtu mgumu, mimi nimelala naye chumba kimoja na ninajua, hatapoteza hata kiti.

Hati sita za umaskini ziko kwenye meza ya mweka hazina, zimejazwa, zimekosa sahihi tu. Katibu wako wa komini amekuja na muhuri, tumeuona. Mama zetu wanasema bukari imeiva na samaki wako tayari. Tukiruhusiwa, tuanze na sahihi, halafu tule.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya kikundi,
Katuba, Lubumbashi.