Walowezi hawakuja kwa ujasiri mtupu

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu walowezi wa Nyanda za Juu za Kenya, inayowasifu kwamba walifunga safari kutoka Uingereza kwa ujasiri wao tu, wakageuza pori kuwa mashamba. Sina ugomvi na ujasiri wao. Ninachopinga ni kuiacha serikali nje ya hadithi, ilhali ndiyo iliyowaita, ikawagawia ardhi na kuwatafutia vibarua.

Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba askari wenye asili ya Ulaya. Bahati nasibu ilichezeshwa London na katika ukumbi wa Theatre Royal mjini Nairobi. Zaidi ya ekari milioni mbili zilitengwa, mashamba mengine yakitolewa bure, na miongoni mwake mlikuwa na ardhi ya Wanandi huko Kipkarren na Kaimosi, ambayo wenyewe hawakuiita pori. Kwa kuwa sheria ya ardhi ya 1915 ilikwisha kurefusha muda wa kukodi kutoka miaka 99 hadi 999, aliyepata hati mwaka 1919 angetakiwa kuirudisha mwaka 2918! Ni Katiba ya 2010 iliyomrudisha asiye raia kwenye miaka 99.

Wapagazi Waafrika wa vita hivyo hivyo, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, tunalitamka kila tunapoitaja Kariokor ya Nairobi, au Kariakoo kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, hawakuhesabiwa katika bahati nasibu hiyo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi. Waliosalia walikutana na waraka wa Gavana Edward Northey wa Oktoba 1919, ulioagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kisha wakakutana na kipande, hati ya utambulisho na kazi ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba. Kikopo cha kipande cha marehemu babu yangu bado tunacho nyumbani. Kamba ilikwisha kuoza, lakini tundu ilipopita limelika upande mmoja kwa miaka aliyokivaa shingoni.

Ni kweli kwamba baadhi ya askari hao walifilisika bei ya kitani ilipoporomoka, na hilo mngefanya vyema kulitaja. Lakini hata kuhama kwa Waingereza wa enzi hiyo kwa jumla hakukuwa jambo la mtu binafsi tu: Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1922 sheria iliyoruhusu hadi pauni milioni tatu kwa mwaka zitumike kuwasafirisha na kuwakalisha Waingereza ng'ambo, hasa Australia na Kanada.

Kwa kuwa mmeahidi sehemu ya pili, naomba mchapishe waraka huo wa Northey kando ya zile picha zenu za nyumba za mawe za walowezi.

Msomaji wenu,
Nakuru