Swichi ya mkono isiachwe bila ulinzi

Mhariri,

Mimi ni fundi umeme hapa Tororo. Wiki jana niliitwa kwenye pampu ya maji ya kijiji: mota ya fezi 3 (yaani inalishwa na nyaya 3 za umeme), volti 415, imeungua hadi waya zimekuwa nyeusi na zinanuka vanishi.

Swichi ya kuchagulia ina nafasi 3: mkono, zima, otomatiki. Kwenye otomatiki, boya la ndani ya tangi ndilo linaloiamuru kontakta, yaani swichi ya sumaku inayoipelekea mota umeme: maji yakipungua mota inawaka, tangi likijaa inazima. Kwenye mkono boya linarukwa, mtu ndiye anayewasha na kuzima. Hiyo ni sawa, hasa wakati wa majaribio. Lakini aliyefunga paneli ile aliupeleka waya wa mkono moja kwa moja kwenye koili (sumaku) ya kontakta, akairuka hata relei ya kuikinga mota na mzigo uliozidi. Usiku fezi moja ikakatika, mota ikanguruma hadi ikafa.

Mafundi wenzangu, nawaomba sana: relei hiyo na kitufe cha dharura vitangulie swichi, ili njia zote 2 zipitie hapo. Ni waya mmoja tu! Akina mama wa kijiji kile sasa wanateka maji bondeni.

Fundi umeme,
Tororo