Mtoro Huyu Alikuwa Anamgeuza Bibi Yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo lililonikaa kooni muda mrefu. Nimefundisha shule za msingi mkoani Kigoma kwa miaka 31, nikastaafu, na sasa naishi Ujiji. Mwaka juzi mke wangu alipata kiharusi. Alikuwa uani anapepeta mchele, ungo ukamtoka mkononi, akainama kuuokota, hakuinuka tena. Upande wake wa kulia haukurudi, na maneno aliyobaki nayo yanahesabika.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mjukuu wetu wa kike aliyekuwa darasa la sita. Siku tuliyoruhusiwa kutoka hospitalini nilipewa dawa na agizo moja la mdomo: mgeuzeni kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya kulala. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayemgeuza, wala kama anajua jinsi ya kumgeuza mtu mzima asiyeweza kujisaidia. Nami sikuuliza. Nilidhani ni jambo dogo.

Tulijifunza wenyewe, na mtoto alijifunza kabla yangu. Unakunja goti lake la upande wa mbali. Mkono mmoja unauweka begani, mwingine nyongani, unamvuta kuelekea kwako polepole huku unamsemesha asishtuke. Akishalala ubavu unamsukumia mto mgongoni, na katikati ya magoti unaweka khanga iliyokunjwa ili mifupa isisuguane. Ni mjukuu wangu pia aliyegundua kwamba uji mwepesi unampalia bibi yake na uji mzito unashuka. Aligundua kwa kumtazama koo kila anapomeza. Alikuwa na miaka 12.

Mimi nilikuwa natoka. Siku za kliniki na za kufuata dawa nilipanda bajaji kwenda Mwanga, Kigoma mjini, na msimu wa kulima nilikuwa shambani kwa sababu pensheni peke yake haitoshi unga, sabuni na pampasi za mtu mzima. Siku hizo zote bibi alibaki na mjukuu. Sikumwambia mtoto aache shule. Nilimwambia tu, "Leo baki na bibi." Kesho kutwa nikasema tena.

Kisha ikaja barua kutoka shuleni. Ilikuwa fupi, imegongwa muhuri: mwanafunzi ni mtoro sugu, mzazi afike mara moja kujieleza.

Mhariri, barua ile nilikuwa naijua neno kwa neno. Kwa miaka 31 nimeziandika barua za namna hiyo kwa mkono wangu. Nilikaa nayo mkekani, karibu na kitanda cha mke wangu, na mtu aliyenijia kichwani ni mvulana mmoja niliyemfundisha mwaka 1998. Alikuwa akifika saa tatu, wenzake wameshamaliza kipindi cha kwanza, nguo zake zina harufu ya moshi na mkojo. Watoto walimkimbia kwenye dawati. Nilimchapa kwa kuchelewa, zaidi ya mara moja. Hakuwahi kujitetea. Baada ya yeye kuacha shule ndipo nikasikia kwamba baba yake alikuwa hoi kitandani, mama alikuwa ameshafariki, na aliyekuwa akimwosha baba kila asubuhi ni yeye. Kwenye rejista yangu nilikuwa nimemwandika mtoro. Sijapata kumwona tena kumwomba radhi.

Nilikwenda shuleni nikaeleza ya kwetu. Mwalimu wa darasa ni kijana mwema, alinisikiliza hadi mwisho, macho yake yakalegea. Akaniambia, "Mwalimu, nakuelewa, lakini rejista ina yupo, hayupo na mgonjwa. Huyu nimwandike nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninapoandika sina.

Hilo ndilo ninaloliandikia. Nchi yetu ina daftari la mgonjwa na daftari la mwanafunzi. Mtu anayekaa katikati yao, anayeuguza bila kulipwa, hana daftari. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 2,470,967 katika mkoa huu wa Kigoma. Karani alikuja kwangu, akakaa, akauliza mengi kwa adabu. Sikumbuki kuulizwa ni nani katika nyumba hii anayemhudumia mwenzake asiyejiweza.

Wala si kwangu tu. Nyumba ya tatu kutoka hapa yupo mama aliyekuwa akichuuza dagaa. Alikuwa akiamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi Kibirizi, ananunua, anaanika, anauza kwa wanaosafirisha kwa treni kwenda Tabora na mbele. Mwanawe wa kiume ana mtindio wa ubongo, ana miaka tisa na hajawahi kukaa mwenyewe. Alipokuwa mdogo mama alimbeba mgongoni huko huko kwenye vichanja vya dagaa. Sasa miguu ya mtoto inamfika mama magotini na mgongo umekataa. Biashara imekufa. Siku akipata kibarua cha kufua, dada mtu anabaki na mdogo wake. Huyo naye ni wa darasa la tano, naye nimeambiwa anaandikwa vile vile.

Sisemi kwamba serikali imekaa kimya. Tangu Januari 2016 hatulipi ada hadi kidato cha nne, na hilo limeokoa watoto wengi niliowafundisha. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo tangu mwaka 2000, na Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza 2012 umeweka chakula kwenye vyungu ambavyo nimeviona kwa macho yangu. Lakini tazameni mpango huo unavyopima. Ruzuku ya watoto ina sharti: mwanafunzi ahudhurie shule asilimia 80 ya siku za masomo, na mdogo apelekwe kliniki. Ni sharti zuri kwa mzazi mzembe. Kwenye kaya yenye mgonjwa wa kitandani linageuka. Mama akienda kwenye ajira za muda za mpango huo, kuchimba lambo au kutengeneza barabara, lazima mtu abaki na mgonjwa, na anayebaki ni binti. Binti akibaki, asilimia 80 haifiki. Mama akibaki yeye, siku ya kazi imepotea. Kaya iliyolemewa kuliko zote ndiyo inayoshindwa kutimiza sharti, na kwenye karatasi inaonekana haijali elimu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walioandika masharti hayo naamini ni watu wenye nia njema. Ila hawajawahi kukaa nyumba ambayo mtu mmoja akitoka mlangoni, mwingine hawezi kutoka.

Na sheria yenyewe inamvuta mtoto huku na huku. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi inayoharibu elimu na afya yake. Sheria hiyo hiyo inamtaka awaheshimu wazazi na wazee na kuwasaidia wanapohitaji. Mjukuu wangu ametimiza la pili kiasi cha kulivunja la kwanza, na mimi mtu mzima ndiye niliyemweka hapo.

Wapo watakaoniambia kuuguza wazazi ni wajibu, na mila zetu hazilipi fedha kwa wema. Nakubali ni wajibu, na sitaki mke wangu apelekwe kwa watu wengine. Lakini wajibu nao unakula. Unakula siku za kazi, unakula mgongo, unakula darasa la mtoto. Jirani zetu Kenya wamelitazama hilo: katika mpango wa serikali yao uitwao Inua Jamii kuna ruzuku ya kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na anayeipokea ni yule anayemlea. Zanzibar nayo, ndani ya Muungano wetu huu huu, ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia, bila kumuuliza mzee kama aliwahi kuajiriwa.

Mbali zaidi, Uingereza ilianza mwaka 1976 kumlipa mtu anayeacha kazi ili amhudumie mgonjwa, lakini ikamnyima mwanamke mwenye mume, kwa kudhani huyo angekuwa nyumbani hata hivyo. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili amlee mama yake, alilipinga hilo mpaka kwenye Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg, akashinda mwaka 1986. Nimelitaja kwa sababu dhana ile ndiyo tuliyo nayo hapa Kigoma: si yuko nyumbani tu? Huyo aliye nyumbani tu ndiye asiyelala.

Ninachoomba kwanza kabisa ni kidogo na hakihitaji bajeti. Rejista ya shule iwe na alama ya mtoto anayeuguza. Mwalimu akiiweka mara tatu kwa mwezi, taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii, isiende kwa mtendaji kwa ajili ya kumtoza mzazi faini. Afisa afike nyumbani aone kitanda. Na mtoto wa kaya ya namna hiyo siku zake zisihesabiwe kwenye kukata ruzuku mpaka nyumba imepata msaada. Mwaka 2021 Waraka wa Elimu Na. 2 ulifungua mlango kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi darasani. Ikiwa tumeweza kumrudisha aliyekwisha kutoka, tunaweza pia kumshika anayetoka siku moja moja.

La pili linahitaji fedha, nami silifichi. Mama anayemlea mtu asiyejiweza katika kaya ya walengwa wa TASAF ahesabiwe kuwa yuko kazini. Siku zake za ajira za muda alipwe akiwa kando ya kitanda, maana kazi ile ni nzito kuliko sepetu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo haumsaidii mtu asiyeweza kutoka ndani akafanye biashara ya kuurejesha. Huyu anahitaji ruzuku, hata kama ni ndogo, ije kila mwezi bila kuruka.

Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe kazi hii rasmi. Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, mtoto wa Kigoma yetu hii, alizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Wakifika mitaani kwetu, wafundishwe kumgeuza mgonjwa na kumlisha, nao waje watufundishe sisi majumbani. Mmoja wao akikaa na mke wangu saa mbili kwa wiki, mimi nitakwenda Mwanga na mtoto atakwenda shule.

Kwa sasa tumejipanga na jirani wa dagaa. Siku zangu za kliniki yeye anakuja kukaa na mke wangu, mwanawe akiwa amelazwa mkekani pembeni, na siku zake za kufua mimi nakwenda kwake. Wasichana wote wawili wanakwenda shule siku nyingi. Wiki iliyopita nilishikwa na homa, nikashindwa kuinuka kwa siku tatu. Siku hizo tatu hawakwenda, na najua walivyoandikwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma