Kwako mdogo wangu, kabla hujasaini huo mkopo

Mdogo wangu,

Juzi uliniambia wewe na hela hampatani, eti hesabu zina wenyewe. Nimeona nikujibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Mtu anayekwepa kuangalia salio lake hajakosa akili, anaogopa tu atakachokiona. Na hofu hiyo haiondoki kwa kuongezwa mshahara. Inaanza kupungua ukishajua kinachoingia, kinachotoka na nani anakudai.

Anza na madeni, maana huko ndiko watu wanakoumia kimyakimya. Chukulia umekopa 1,200, sarafu yoyote ile, kwa mwaka mmoja, riba asilimia 20. Mkopeshaji wa kwanza anapiga hiyo asilimia 20 kwenye mkopo wote: riba 240, unarejesha 120 kila mwezi. Wa pili naye anasema asilimia 20, ila anaitoza kwenye salio la deni, yaani kile ambacho bado hujamrudishia. Kwa huyu utarejesha kama 111 kwa mwezi, na riba yote haifiki 140. Tangazo ni lile lile! Yule wa kwanza anakutoza riba hata kwa hela uliyokwisha kumrudishia. Ukimpigia hesabu kwa salio la deni kama yule wa pili, riba yake inakaribia asilimia 35 kwa mwaka.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya ofisa mikopo, usiishie kuuliza asilimia. Muulize: mpaka namaliza, nitakuwa nimetoa jumla kiasi gani, pamoja na ada na bima? Akianza kuzungukazunguka, beba karatasi zako uondoke. Na ile mikopo ya haraka ya simu yenye riba "ndogo" ya asilimia 10 kwa mwezi, ukilipa riba peke yake mwaka mzima utakuwa umetoa 120 kwa kila 100, na ile 100 bado unadaiwa.

Kwenye matumizi ya kila siku sina mengi. Andika kila unachotoa kwa mwezi mmoja, bila kujisuta. Haba na haba hujaza kibaba, tumeimba tangu utotoni, ila haba na haba hukimwaga pia, hasa makato ya kutuma na kutoa pesa.

Kinachovuruga bajeti nyingi ni vile vya mara moja kwa mwaka: ada, bima, leseni. Tunaviita dharura wakati tarehe yake tunaijua. Kitu cha 600 kwa mwaka ni 50 kwa mwezi, na hiyo 50 itenge siku mshahara unapoingia, maana ukingoja kitakachobaki, hakibaki. Dharura yenyewe ni kuugua au kupoteza kazi. Watu wa fedha hupendekeza akiba ya matumizi ya miezi 3 hadi 6. Usitishike, lenga mwezi mmoja kwanza.

Halafu yule rafiki yako anayeomba umdhamini. Mdhamini si shahidi. Asipolipa, unalipa wewe. Kama huwezi kulibeba deni lake lote, mwambie hapana mapema, akasirike sasa kuliko mje kukosana mbele ya dalali.

Huo mkataba wako usiusaini bado. Nitumie picha ya ukurasa wenye ratiba ya marejesho, jioni nikitoka kazini nitakupigia tuupitie mstari kwa mstari.

Dada yako