Mchango ulinunua mashine, mafuta ya boti nani atalipa?

Mhariri,

Ile habari yenu ya vijana waliochangisha fedha mtandaoni ili wachunguze vifo vya sato kwenye vizimba vya Ziwa Victoria nimeisoma mara tatu. Ni miaka mingi nanunua gazeti hili bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini hii imenishinda kunyamaza. Mliisifu mashine, yaani kipimo cha oksijeni ya majini. Picha ilikuwa ya mashine, kichwa cha habari cha mashine, na fedha iliyotajwa ilikuwa bei ya mashine. Hakuna aliyewauliza vijana wale petroli itatoka wapi.

Kipimo cha oksijeni kikiwa kwenye boksi hakichunguzi kitu. Sato wa kizimbani hufa alfajiri, kwa sababu giza likiingia mwani huacha kutengeneza oksijeni na wenyewe huendelea kuivuta, hivyo kinachobaki kufikia mapambazuko ni kidogo. Kipimo chenye maana ni cha saa 11 alfajiri: juu ya maji, kisha mita 2, 5, 10, na kushuka hadi karibu na tope. Picha yenu ilipigwa jua likiwa utosini, saa ambayo mwani umeshafanya kazi asubuhi nzima na namba kwenye kioo inapendeza. Halafu ziwa lina misimu yake. Juni hadi Agosti pepo za kusi hulichanganya toka juu hadi chini. Kuanzia Septemba maji hujipanga matabaka, yale ya chini yakapungukiwa sana na oksijeni. Upepo mkali ukiyapandisha, samaki aliye huru hukimbia. Wa kizimbani hana pa kwenda. Kwa hiyo ni lazima kupima mwaka mzima. Kila wiki mbili ni safari 26. Injini ya HP 15, lita 20 kwa safari, ni lita 520 za petroli, na oili ya kuchanganya moja kwa hamsini ni lita 10 na ushee. Bado posho ya nahodha, bado jaketi okozi, bado barafu ya kutunzia sampuli za mwani, ambazo zikipigwa na jua njiani zimeharibika hata kabla hazijafika maabara.

Mwaka jana nilifungua kabati katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ndani kulikuwa na kipimo kilichonunuliwa kwa mchango wa namna hiihii. Kile kisponji kinachotakiwa kuwa na unyevu muda wote ili kihisi kisikauke kilikuwa kigumu kama mkate wa juzi. Utando mwembamba wa kwenye ncha ulikuwa umekunjamana, chini yake povu la hewa, na sehemu ya madini ya fedha imekuwa nyeusi tii. Utando ule hubadilishwa kila baada ya wiki chache, pamoja na majimaji yake ya potasiamu kloridi. Ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na kipimo chenyewe, lakini kwenye bajeti ya kampeni havikuandikwa, basi havikununuliwa. Daftari lilikuwa na safari nne tu, zote kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana. Kibaya zaidi, kipimo kilikuwa kimesetiwa kwa shinikizo la hewa la usawa wa bahari, milimita 760 za zebaki, kana kwamba tuko Dar es Salaam. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari! Hapa shinikizo ni kama 663, na maji ya nyuzijoto 25 yaliyoshiba oksijeni huwa na takriban miligramu 7.2 kwa lita, si 8.3. Maana yake kila namba kwenye daftari lile ilizidi ukweli kwa karibu asilimia 15. Ukisoma 3.4, ziwani ni 3, na hapo sato ameshaanza kutaabika. Watu wametoa fedha zao, wengine elfu tano tano kwa simu, na kilichopatikana ni namba zinazomwambia mfugaji yuko salama wakati samaki wake wanakosa pumzi.

Kosa linaanzia kwenye namna michango hii inavyopangwa. Mtandao wa Experiment wa Marekani, wa kuchangishia utafiti, ulioanza mwaka 2012 kwa jina la Microryza, hukupa fedha ukifikisha lengo tu. Usipofikisha, wachangiaji hawakatwi kitu. Ni utaratibu wa haki, ila unamfanya mtafiti ashushe lengo ili asikose vyote, na akianza kupunguza hupunguza visivyopigika picha: mafuta, utando, posho. Kisha mtandao unachukua asilimia 8, na kadi za benki nazo zina makato yake. Kwenye dola 5,000, hiyo asilimia 8 peke yake ni dola 400, na hizo ni safari nyingi za boti. Kickstarter, mtandao mwingine wa kuchangishia miradi, ndiyo kabisa, mkazi wa Tanzania hawezi kufungua mradi kwa jina lake. Inabidi rafiki aliye ng'ambo afungue yeye, na fedha ikae kwenye akaunti yake.

Na hata utafiti ukikamilika, majibu yanakwenda wapi? Yanaandikwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mengi husomwa kwa kulipia. Mfugaji wa Igombe au Kayenze aliyetoa mtumbwi wake bure hapati hata karatasi moja. Kamati ya harusi ikimaliza kazi inavunjwa kwa taarifa ya mapato na matumizi, mpaka sahani zilizovunjika zinahesabiwa. Kamati za utafiti sijaona zikivunjwa hivyo. Lakini inawezekana: mwaka 2013 kampuni ya Marekani ya Planetary Resources ilichangiwa zaidi ya dola milioni 1.5 kwa ajili ya darubini ya angani. Iliposhindikana, mwaka 2016 walitangaza hadharani na kuwarudishia watu fedha zao.

Ninachopendekeza ni hiki. Katika kila shilingi 100 ya mchango, zisizidi 40 kwenye vifaa. Sitini zikae kwenye akaunti yenye saini tatu, zitoke safari kwa safari, na safari inayofuata isilipiwe mpaka ukurasa wa daftari wa safari iliyopita uwe na saini ya nahodha na ya mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), saa ya kupima na shinikizo la hewa vikiwa vimeandikwa. Kwenye mwalo, boti zinapotia nanga, lisimamishwe bango la bati, futi 4 kwa 3, kwa Kiswahili: kilichochangwa, kilichokatwa, lita zilizotumika, safari zilizofanyika na namba ya oksijeni ya alfajiri. Safari iliyoshindikana iandikwe nayo, na sababu yake.

Nanyi mhariri, baada ya miezi 12 mrudisheni mwandishi wenu kwa vijana walewale. Afike saa 11 alfajiri, apande boti, na aombe kuona daftari kabla ya kupiga picha.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza